Albéric Magnard: kwa nini mtunzi huyu wa simfonia hasikiki hata kwao Ufaransa?

#1 Mzee wa Chelo
Wakuu, habari za jioni.

Najua humu wapo watu wa okestra, watu wa kwaya, na wale wanaosema muziki wa Kizungu hauwahusu ila usiku wanausikiliza kimyakimya na hedifoni. Swali hili ni la wote.

Albéric Magnard. Kazaliwa Paris 1865, kafa 1914. Kaacha simfonia nne na vipande vichache vya okestra: Chant funèbre, Hymne à la justice, Hymne à Vénus, Ouverture moja, na Suite ya ujanani aliyoitunga kwa kufuata mitindo ya densi za zamani. Kazi zake zote alizozipa namba zinaishia opus 22. Ukimtafuta mtandaoni utakuta makala yanaanza na kifo chake na kumalizia na kifo chake: Wajerumani, bunduki, nyumba kuteketea. Muziki unapewa mistari miwili hapo katikati, tena ya kuazima.

Mimi nasema simfonia ya tatu na ya nne za huyu bwana hazina cha kuionea aibu simfonia yoyote iliyotungwa Ufaransa kati ya 1880 na 1914, hata ile ya César Franck ambayo kila okestra inaijua. Sasa kwa nini hazipigwi? Nataka sababu. Mtu asije akaniambia "kila mtu na ladha yake" akaondoka.

#2 Kibwengo
Nimeshavuta kiti, kahawa ipo na kashata ipo. Wajuzi njooni.

#3 Fidla ya Forodhani
Mleta uzi, salamu. Simfonia ya tatu naifahamu, nimeisikiliza sana mwaka huu. Ngoja niwaeleze wasioijua. Inaanza na ala za kupuliza peke yake, taratibu, sauti zimepangwa kwa nafasi za nne na tano tupu, bila utamu wowote wa katikati. Unadhani uko kwenye monasteri ya karne nyingi zilizopita. Halafu fidla zinaingia na mambo yanachemka. Sehemu ya pili anaiita Danses, ni densi za kijijini zenye miguu mizito. Ya tatu ni Pastorale: obo inaanza peke yake, wimbo mrefu wa mchungaji, na chini yake nyuzi zinaanza kuchafua hali ya hewa polepole. Mwisho kabisa ule wimbo wa watawa unarudi na okestra nzima.

Mimi napiga fidla kwenye taarabu. Kwetu fidla zote zinakwenda na wimbo mmoja, uzuri wake ni kwenda pamoja na kupamba pamoja. Kwa Magnard fidla za kwanza zina neno lao, za pili zina lao, viola wanabishana na wote. Mara ya kwanza nilichoka. Sikujua nimfuate nani.

#4 Msomi wa Jikoni
Mbona sababu iko wazi jamani. Moto. Septemba 1914 Wajerumani wamemchomea nyumba na kazi zake zote zimo ndani. Okestra itapiga majivu?

#5 Karani wa Nota
#4 hapana. Simfonia zote nne zilikuwa zimeshapigwa mbele ya watu kabla ya vita, na nota zake zipo mpaka leo. Ya nne ilipigwa mara ya kwanza Aprili 1914, ikarudiwa Mei mwaka huohuo.

Vilivyoteketea ni hivi: nota za okestra za opera yake ya kwanza, Yolande, nota za okestra za sehemu ya kwanza na ya tatu za opera Guercœur, na nyimbo kadhaa mpya alizokuwa ameziandika. Guercœur ilipona kwa sababu nota za sauti na piano zilikuwa zimeshachapwa, na rafiki yake Guy Ropartz aliwahi kuiongoza sehemu ya tatu kule Nancy. Ropartz akakaa akaziandika upya sehemu mbili zilizoungua, kwa kumbukumbu ya masikio yake na zile nota za piano. Opera nzima ikaonyeshwa Paris mwaka 1931, miaka 17 baada ya mwenyewe kufa.

Kwa hiyo moto unaeleza kupotea kwa Yolande. Simfonia hauzielezi.

#6 Kibwengo
Yaani #4 kachoma hata zilizopona.

#7 Msomi wa Jikoni
#6 wewe kula kashata zako.

#8 Wa Lubumbashi
Wandugu jambo. Mimi nimesoma kwa Kifaransa tangu utoto, na jina hili (linatamkwa "Manyar", d ya mwisho haisikiki) shuleni sikulisikia hata siku moja. Debussy ndiyo. Ravel ndiyo. Bizet kwa sababu ya Carmen. Basi.

Nionavyo mimi ni suala la wakati. Prélude à l'après-midi d'un faune ya Debussy imetoka 1894. La mer imetoka 1905. Masikio ya Paris yakahama: watu wanataka rangi, maji, mwanga. Huyu mwenzetu yeye anajenga simfonia ya sehemu nne, na fyuga ndani (sauti zinazofukuzana kwa wimbo uleule). Halafu angalia simfonia ya nne imetoka lini: 1914, mwaka mmoja tu baada ya watu kufanya fujo ukumbini kwa ajili ya Le Sacre du printemps, muziki wa densi wa Stravinsky, katika mji uleule. Nani angegeuka kumtazama?

#9 Mzee wa Chelo
#8 nimekuelewa, lakini kuna shimo. Albert Roussel naye kaandika simfonia nne, naye kasoma na baadaye kafundisha Schola Cantorum, shule ileile Magnard aliyofundisha. Simfonia ya tatu ya Roussel ni ya 1930, wakati Debussy alishakufa na mitindo imeshabadilika mara mbili, na bado inapigwa mpaka leo. Kama mtindo wa zamani ndio kosa, Roussel kaponaje?

#10 Wa Lubumbashi
Kapona kwa sababu Boston ndiyo iliyomwagiza. Koussevitzky, mwongozaji wao, aliitaka kwa ajili ya miaka 50 ya okestra ya Boston. Ukiwa na Boston nyuma yako huna haja ya kuwa na mtindo mpya. Magnard alikuwa na Ropartz na mji wa Nancy.

#11 Karani wa Nota
Hapo #10 umegusa penyewe, naomba niongeze, maana kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Baba yake, Francis Magnard, alikuwa mhariri mkuu wa Le Figaro. Ni gazeti ambalo mtunzi yeyote wa Paris angetoa jino apate kusifiwa humo. Kijana akawa hataki kabisa aonekane kabebwa na baba. Alisoma sheria akamaliza, akaenda Bayreuth 1886 akamsikia Wagner, Tristan und Isolde, akarudi kaamua muziki. Akapita Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, kwa Massenet, halafu akajifungia na mtunzi Vincent d'Indy kwa masomo ya faragha. Alipopata nafasi ya kuandika kwenye gazeti la baba, hakujipigia debe, alipigania kazi za Rameau zichapwe, mtu aliyekufa 1764.

Baba akafa 1894. Chant funèbre ndiyo maombolezo yake. Aliyefiwa na mzazi ambaye hawakuwa wanapatana vizuri aisikilize hiyo kwa tahadhari.

Kisha akaamua kazi zake azichape mwenyewe kwa pesa zake. Hana kampuni ya nota. Sasa fikirini: kampuni ya nota ndiyo inayowatumia waongozaji nakala, ndiyo inayowasumbua kwa barua, ndiyo inayokodisha nota za kila mpigaji. Magnard hakutaka usumbufu huo. Mwaka 1899 alikodi okestra na ukumbi mwenyewe akaziongoza kazi zake mwenyewe, humo ndimo simfonia ya tatu iliposikika mara ya kwanza. Na 1904 akahama Paris kabisa akaenda kuishi Baron, kijiji cha Oise. Ukijificha hivyo usishangae usipotafutwa.

#12 Fidla ya Forodhani
#11 mbona Busoni, yule mpiga piano na mtunzi, alimtafuta? Simfonia ya tatu aliiongoza Berlin mwaka 1905. Berlin! Mjerumani anaiona, Mfaransa haioni.

#13 Karani wa Nota
Busoni alikuwa Mwitalia.

#14 Fidla ya Forodhani
Okestra ilikuwa ya wapi, Italia?

#15 Kibwengo
😂😂 Hapo ngoma droo.

#16 Binti Ughaibuni
Samahani nachelewa, nimeuona uzi nikiwa zamu.

Mimi naishi upande wa mpaka wa Ufaransa na Ujerumani, na 2024 niliiona Guercœur Strasbourg, jukwaani, yote. Ingo Metzmacher aliongoza, Stéphane Degout ndiye Guercœur. Nilikwenda kwa sababu mfanyakazi mwenzangu alipata udhuru akanipa tiketi. Sikujua lolote.

Hadithi yenyewe ni hii. Guercœur alikuwa shujaa, aliukomboa mji wake kutoka kwa dhalimu, akafa. Yuko mbinguni, ambako hakuna Mungu ila miungu wa kike: Ukweli, Wema, Uzuri, na Mateso. Kila mtu kule katulia, yeye hatulii. Anaomba arudi duniani, anamtaka mkewe na watu wake. Mateso anasema sawa, mrudisheni, maana huyu hajaonja kitu bado. Anarudi. Mke yuko na mwanafunzi wake. Yule mwanafunzi, Heurtal, ndiye anayetaka sasa kuwa dikteta, na wananchi wenye njaa wanamshangilia. Guercœur anajaribu kusema nao, wanamuua. Anarudi juu, na safari hii anatulia.

Nawaambieni, ukumbi ule sehemu ya pili hakuna aliyekohoa. Watu walikuwa wanatazama habari ya mwaka ule, siyo ya 1900. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba muziki wake "umepitwa". Umekosa tu watu wa kuuweka mbele ya watu. Sehemu ya tatu, wale miungu wanne wakiimba pamoja, sijapata kusikia nyingine ya namna ile.

#17 Kibwengo
Mke kachukuliwa na mwanafunzi wake mwenyewe. Hii si opera, hii ni tamthilia ya saa tatu usiku.

#18 Bi Mkubwa wa Mombasa
#17 na wewe huna adabu wallahi. Mtu ametueleza kitu kizuri.
Dada #16 ahsante sana. Hiyo ya Mateso kusema "mrudisheni" imenikaa.

#19 Mzee wa Raskazone
Wakuu, miye ni mtu wa historia, muziki huo siujui, lakini tarehe zimenivuta. Huyu kauawa lini hasa?

#20 Karani wa Nota
3 Septemba 1914, hapo Baron, alipowafyatulia risasi askari wa Kijerumani waliokuja nyumbani kwake. Mkewe na binti zake alikuwa ameshawaondoa.

#21 Mzee wa Raskazone
Basi miezi miwili kabla ya Tanga. Waingereza walishusha majeshi yao kutoka India hapa kwetu tarehe 2 Novemba 1914, na tarehe 5 walikuwa wanarudi melini, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kawashinda. Vita ileile. Makaburi yapo, na wazee walikuwa wakisimulia habari za nyuki waliowavamia askari. Ajabu kwamba mtunzi wa muziki Ufaransa na mpagazi wa Bonde wanakufa kwa ugomvi mmoja ambao hakuna kati yao aliyeulizwa.

#22 Msomi wa Jikoni
Nyuki tena! Kila uzi wa vita lazima nyuki wa Tanga waje.

#23 Msimamizi
Nyuki wafunguliwe uzi wao. Turudi kwenye mada.

#24 Mpinga Mkuu
Nirudi kwenye mada kwa kuuliza lisiloulizwa. Kwa nini huyu anafanywa shujaa? Raia amekaa dirishani anafyatulia risasi kikosi cha jeshi kinachopita. Siku moja kabla, tarehe 2, Wajerumani walikuwa wameichoma Senlis, jirani tu na hapo, na kumpiga risasi meya wake, Odent, kwa madai hayahaya kwamba raia wamewapiga risasi. Magnard akifyatua pale anajua, au angepaswa kujua, kwamba kijiji kizima kinaweza kulipa. Mimi naona ni ubishi wa mtu aliyezoea kufanya atakavyo.

#25 Binti Ughaibuni
#24 wamekuja kwake. Hakuwafuata barabarani. Walikuwa ndani ya uwanja wa nyumba yake wanamtaka atoke.

#26 Mpinga Mkuu
Na askari aliyekufa pale naye alikuwa na mama.

#27 Karani wa Nota
Kuhusu alivyokufa mwenyewe, wanaosema "alipigwa risasi" na wanaosema "aliungua" na wanaosema "alijimaliza" wote wanakisia. Nyumba iliwaka, mtu hakutoka. Aliyebaki kusimulia ni mtoto wa kambo wa Magnard, naye hakuwa ndani.

#28 Mzee wa Chelo
Mnaona sasa? Ndicho nilichokisema mwanzo kabisa. Posti kumi zinazungumzia kifo, na simfonia ya nne bado haijaguswa na mtu. Kifo hiki ndicho kilichommaliza mara ya pili. Baada ya vita Wafaransa walimfanya mzalendo, Edmond Rostand akamtungia shairi, wakampa na barabara Paris. Mzalendo hasikilizwi, anawekewa maua.

#29 Wa Lubumbashi
Kuhusu hiyo barabara, mnajua ilikuwa inaitwaje kabla? Rue Richard-Wagner. Wakamfuta Wagner wakamweka Magnard. Mtu ambaye Tristan ndiyo iliyomfanya awe mtunzi.

#30 Kibwengo
Hiyo nayo wangeipeleka Strasbourg.

#31 Tarumbeta la Machame
Bwana asifiwe wakuu. Nimefuata ushauri, nimeweka simfonia ya nne jana usiku, bando lote limekwenda.

Mimi nimepiga tarumbeta kanisani tangu nikiwa darasa la sita, zile bendi zetu za matarumbeta za KKKT, mazishi, harusi, mikutano ya injili. Kwa hiyo korali naijua: sauti nne, kila mtu asimame kwenye nota yake, usikimbie. Sasa sehemu ya mwisho ya simfonia ya nne, baada ya vurugu zote, fyuga na kukimbizana, inakuja korali. Nilisimama. Siyo kwamba inafanana na tenzi zetu kwa wimbo, ni ule uzito wa sauti kuingia pamoja. Lakini kitu kimoja: kwetu korali ikimalizika unajua imekwisha, unasema amina. Yake inafifia. Inashuka, inanyamaza, inakuacha. Nilidhani simu imezima.

Swali: alikuwa mtu wa kanisa?

#32 Karani wa Nota
Hakuwa. Ni mtu wa haki na jamhuri zaidi, dini hakuitegemea. Ndiyo maana mbingu ya Guercœur ina Ukweli na haina Mungu.

#33 Mpinga Mkuu
Korali mwishoni, ala za shaba, mtu wa kijijini. Si ndiyo maana wanamwita "Bruckner wa Ufaransa"? Basi sababu ni hiyo: anayetaka Bruckner atamsikiliza Bruckner.

#34 Mzee wa Chelo
Hilo jina limemharibia sana. Bruckner anasimama, ananyamaza, anaanza upya, simfonia inafika saa nzima na zaidi. Magnard hasimami. Simfonia zake ziko kwenye dakika thelathini na kitu hadi arobaini, na mawazo yamebanana. Wote wawili wanapenda korali, basi. Ukitaka ukoo wake ni Franck: ule ufundi wa wimbo wa mwanzo kurudi mwishoni ukiwa umebadilika, d'Indy aliupata kwa Franck akampa huyu. Tena Bruckner asingeandika zile Danses hata umlipe.

#35 Fidla ya Forodhani
Danses anazo mbili. Simfonia ya pili nayo ina sehemu inayoitwa Danses, na mwanzo haikuwa hiyo. Alipoipeleka Nancy 1896, Ropartz akaiongoza, pale palikuwa na fyuga. Akaiondoa, akaweka densi mahali pake. Kwa hiyo alikuwa anasikiliza na anarekebisha, si jiwe kama mnavyomfanya.

#36 Mgeni Njooo
Wakuu msinipige. Nimesikiliza ya nne dakika kumi. Hakuna wimbo hata mmoja naweza kuupigia mluzi. Kila kitu kinaanza halafu kinabadilika kabla sijakishika. Labda sababu ni hiyo tu? Watu hawapendi muziki wasioweza kwenda nao nyumbani.

#37 Mzee wa Chelo
#36 hakuna wa kukupiga, na hiyo ni hoja nzito kuliko nyingi humu. Ni kweli nyimbo zake hazijitoi haraka. Umeanzia pagumu. Anza na Suite dans le style ancien, opus 2, ya 1888, ni densi tano fupi: Française, Sarabande, Gavotte, Menuet, Gigue. Halafu Hymne à la justice. Halafu Pastorale ya simfonia ya tatu peke yake. Ya nne iache mpaka umzoee.

#38 Bi Mkubwa wa Mombasa
Nami nashauri Chant funèbre iwe ya mwanzo. Nyimbo zake ni ndefu na zinashikika, na haina fyuga ya kukutisha. Nimeisikiza jikoni mpaka wali umeungua.

#39 Karani wa Nota
Kwa kuwa Hymne à la justice imetajwa: ni ya 1902, na haki inayotajwa ni ya Dreyfus, yule kapteni Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini. Magnard alikuwa upande wa Dreyfus waziwazi, akajiuzulu cheo chake cha uofisa jeshini kwa kupinga jinsi yule kapteni alivyotendewa. Muziki unaanza kwa ukatili, unaomba, unapigwa tena, na haki inakuja mwishoni kwa utulivu, haina shangwe. Ilipigwa Nancy Januari 1903, wakati Dreyfus ameshasamehewa ila jina lake halijasafishwa. Hilo lilisubiri mpaka 1906.

Na sasa angalieni. D'Indy, mwalimu wake, alikuwa upande wa pili kabisa, mpinzani mkubwa wa Dreyfus na Wayahudi. Schola Cantorum ni nyumba ya d'Indy. Hao ndio watu wa muziki aliofanya nao kazi. Wenye siasa kama zake walikuwa wanasikiliza muziki mwingine, na waliosikiliza muziki kama wake walikuwa na siasa nyingine. Kakosa kambi.

#40 Wa Lubumbashi
#39 hiyo ya kukosa kambi inanishawishi kuliko ya uchapaji.

#41 Karani wa Nota
Zote zangu, chagua yoyote.

#42 Binti Ughaibuni
Na simfonia ya nne aliitoa kwa nani? Kwa chama cha wanawake walimu na watunzi wa muziki, Union des femmes professeurs et compositeurs de musique. Okestra yao ya wanawake ndiyo iliyoipiga mara ya kwanza, ile Aprili 1914. Mwezi uliofuata ndipo ikapigwa na chama cha muziki cha Société nationale chini ya mwongozaji Rhené-Baton. Mwanamume wa mwaka ule kuwapa wanawake kazi ngumu namna ile, si maua na mashairi, ni heshima. Ila kwa soko? Okestra ya wanawake ilipuuzwa, na kazi ikapuuzwa nayo.

#43 Mpinga Mkuu
Au ilipuuzwa kwa sababu haikupigwa vizuri, kama wengine walivyosema. Tusiogope kulisema.

#44 Binti Ughaibuni
Ngapi zimepigwa vibaya na wanaume mara ya kwanza zikasamehewa?

#45 Bi Mkubwa wa Mombasa
Jibu hilo sasa #43.

#46 Wa Lubumbashi
Mimi nataka kusema la huku kwetu. Kinshasa kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ipo tangu 1994, wamepiga Beethoven ya tisa, wamepiga Carmina Burana, tunajivunia. Kongo nzima inasoma Kifaransa, lakini programu za okestra zinajaa Wajerumani na Waaustria. Silaumu. Okestra inayoanza inapiga nota inazozipata na ambazo watu watanunua tiketi kuzisikia. Magnard kafa 1914, hana mwenye haki wa kudai, nota za simfonia ya tatu ziko IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, bure. Kwa hiyo kwa sasa sababu ya "nota hazipatikani" imekufa. Imebaki ujasiri wa mwongozaji.

#47 Fidla ya Forodhani
Ujasiri na mazoezi. Hizo sehemu za fidla za pili nimezitazama. Mwongozaji anayepewa siku mbili za mazoezi atachagua Franck, ambayo wapigaji wake wameshaipiga.

#48 Tarumbeta la Machame
Nani ana rekodi nzuri? Niliyoisikia mimi YouTube imekwaruza.

#49 Mzee wa Chelo
Kwa ya tatu, Ernest Ansermet na Orchestre de la Suisse Romande, ya 1968. Ni ya zamani lakini pumzi za ala za kupuliza pale mwanzoni hazijapitwa. Kwa zote nne, Michel Plasson na okestra ya Capitole ya Toulouse. Plasson ndiye pia mwenye Guercœur, José van Dam akiimba.

#50 Karani wa Nota
Sikubaliani. Plasson ana moyo ila sauti imejaa mwangwi, zile sauti zinazopishana hazisikiki, na Magnard bila hizo amebaki kelele. Jean-Yves Ossonce na BBC Scottish kwenye Hyperion, kila mstari unausikia.

#51 Mzee wa Chelo
Ossonce anakimbia Pastorale.

#52 Karani wa Nota
Imeandikwa Modéré, yaani mwendo wa wastani. Ulitaka alale?

#53 Mgeni Njooo
Nimeweka Suite ya opus 2. Sarabande nimeirudia. Hiyo Gigue mbona inaisha ghafla hivyo?

#54 Fidla ya Forodhani
Isikilize tena na hedifoni, #53, halafu nenda Chant funèbre alivyosema Bi Mkubwa. Ukifika Pastorale uje utuambie kama obo ile umeipigia mluzi au la.

#55 Msomi wa Jikoni
Na ya kwanza je? Simfonia ya kwanza hakuna hata mmoja aliyeitetea humu.

#56 Mpinga Mkuu
Ya kwanza ni Wagner na d'Indy wamekaa meza moja. Ipigwe mara moja kwa mwaka, inatosha.

#57 Karani wa Nota
Naomba nipinge, ila kesho. Zamu yangu ya usiku inaanza sasa hivi.